Usianze na jina la ugonjwa

Ninyi mnaoanza kazi ya elimu ya afya vijijini, nawaandikia kutoka ufukoni mwa Ziwa Albert, wilaya ya Kikuube nchini Uganda, ambako Kiswahili hutuunganisha na wenzetu waliovuka kutoka Kongo.

Nilipoanza kuwa VHT, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea kijijini, nilisimama asubuhi mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, nikawahimiza wavuvi wajikinge na kichocho. Mzee mmoja aliyekuwa akikung'uta muziri, samaki wadogo wa ziwa letu, wavuni akanijibu bila kuinua uso: "Mwanangu, mimi sikojoi damu." Wenzake wakaendelea na nyavu zao. Jioni nikaandika kwenye ripoti kwamba watu wa pale ni wakaidi. Sentensi hiyo bado inaniuma.

Wengi wakisikia kichocho, akili inakwenda kwenye mkojo wa damu. Huku kwetu kilichopo ni kichocho cha tumbo. Mayai hutoka na kinyesi, yakifika majini vijidudu hukulia ndani ya konokono, kisha hupenya ngozi ya mtu aliyeingia ziwani. Miaka ikipita ini na bandama huvimba, tumbo hujaa maji, na wengine hutapika damu. Mzee alisema kweli: nilimhubiria ugonjwa asioujua. Sasa naanza kwa kuuliza, "Hapa mwaloni, matumbo yanawasumbuaje?" Wakishawataja wenyewe ndugu waliovimba tumbo, ndipo nawaonyesha konokono niliyemwokota palepale kwenye majani.

Halafu kuna vidonge vya prazikwanteli, dawa ya kichocho. Mvuvi wa muziri hukesha ziwani na taa. Akirudi hajala kitu, mkampima urefu kwa ile fimbo ya kujua idadi ya vidonge na kumpa papo hapo, atashikwa na kichefuchefu na kizunguzungu, na kabla ya adhuhuri mwalo mzima utakuwa umesikia kwamba dawa ni sumu. Zungumzeni na akina mama wauza uji siku moja kabla. Ale kwanza, ndipo ameze. Na mwambieni wazi kwamba dawa huua minyoo iliyopo mwilini, haimzuii kuambukizwa tena akirudi majini.

Maji ya kuoga yakilala siku mbili kwenye jerikeni, vijidudu hivyo hufa. Hili akina mama hulishika upesi.

Kwenye vyoo nendeni taratibu. Mchanga wa ufukoni hubomoka na shimo hujaa maji. Ukimwamuru mtu achimbe choo bila kuliona shimo lake la mwaka jana lililoporomoka, umemtukana. Mwombe mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mwende pamoja, akuonyeshe shimo hilo.