Nikizidi kugonga, shaba itageuka kioo?

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mhunzi hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nikifua shaba ikiwa baridi inakakamaa, halafu inapasuka. Kijana mmoja wa chuo ameniambia kuna metali ambazo ndani hazina fuwele, ziko kama kioo. Je, nikizidi kugonga nitafika huko?*

Marahaba, fundi. Kwa shaba tupu hutafika, hata ugonge mpaka mwakani. Nimefundisha ufuaji Iringa miaka mingi, na sikuwahi kuulizwa swali zuri kama hili.

Fuwele ni atomu, yaani chembe ndogo kabisa za metali, zilizojipanga kwa mistari kama mbegu kwenye shamba lililopandwa kwa kamba. Nyundo ikitua, inavuruga: hapa shimo limebaki bila mbegu, pale mstari umeishia katikati ya shamba. Mistari iliyokatika ikiwa mingi inazuiana, ndiyo maana shaba inakakamaa. Lakini atomu za shaba ni za aina moja, yoyote inafaa shimo lolote, kwa hiyo kasoro nyingi zinafutika huku wewe unaongeza nyingine.

Sasa chukua aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya nikeli na titaniamu, nusu kwa nusu. Hayo ni mahindi na maharage yaliyopandwa kwa kupokezana. Inaingia kasoro ya tatu, na kwangu ndiyo kubwa: hindi kukaa kwenye shimo la harage. Kulirudisha ni kazi, kwa sababu kwenye baridi atomu karibu hazitembei. Kila kasoro inatunza nishati kidogo ya ile nyundo. Nishati ikilimbikizana hadi kuipita ya metali iliyovurugika kabisa, fuwele inavunjika yenyewe, bila kuyeyuka! Aloi hii ikibanwa sana kwenye roli ikiwa baridi, hupata sehemu za namna hiyo.

Kuna njia nyingine pia, bila nyundo: mwaka 1960, huko California, dhahabu na silikoni zilizoyeyushwa zilipozwa ghafla mno, atomu zikakosa muda wa kujipanga, ikawa metali kama kioo. Mwaka 1983 Carl Koch na wenzake wa Oak Ridge, Marekani, walirudi kwenye kugonga: walisaga unga wa nikeli na wa metali nyingine, niobiamu, kwa gololi za chuma, kama wanavyosaga mawe ya dhahabu kule Chunya, wakapata unga usio na fuwele.

Kazi yako ni tofauti: panga la chuma unalifua likiwa jekundu, na moto huo unapanga mistari upya kila mara. Hiyo shaba nayo, ikikakamaa, ipashe hadi iwe nyekundu iliyofifia, ndipo uendelee kuifua.