Kwa unayeanza kuandika historia ya timu: fuata jina, fuata na leseni

Ndugu yangu unayeingia katika kazi hii ya kuandika historia za timu za michezo, nakupa niliyojifunza kwa timu moja tu: Iowa Barnstormers ya mji wa Des Moines, Marekani. Wanacheza futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai, ila wanaicheza ukumbini. Katika makala yangu ya kwanza niliandika kwamba timu hii ilianza 1995 na ipo mpaka leo, basi. Msomaji mmoja akaniuliza: wale waliokwenda New York mwaka 2001 walikuwa akina nani? Sikuwa na jibu, na swali hilo lilinifundisha kuliko mwaka mzima wa kusoma.

Katika ligi za kulipwa za Marekani timu haipandi wala kushuka daraja. Mmiliki ananunua haki ya kushiriki ligi, tuiite leseni, na anaweza kuiuza au kuihamishia mji mwingine. Jina ni mali nyingine. Leseni ya kwanza ya Barnstormers, ya ligi iitwayo Arena Football League, ilicheza Des Moines kuanzia 1995 hadi 2000, kisha ikauzwa, ikaenda Long Island na kuitwa New York Dragons, kocha John Gregory akaenda nayo. Jina likabaki Iowa. Mwaka 2001 likachukuliwa na timu ya ligi ndogo, arenafootball2, likacheza msimu mmoja, likanyamaza. Likarudi 2008, likaingia Arena Football League mwaka 2010, na mwaka 2015 likahamia ligi nyingine, Indoor Football League. Msomaji wa Tanzania aliyeona Ihefu ya Mbeya ikihamia Singida na kuitwa Singida Black Stars mwaka 2024 hatahitaji maelezo marefu hapa.

Kwa hiyo kabla hujaandika sentensi ya kwanza, fungua daftari uchore safu mbili, moja ya jina na moja ya leseni, miaka ikishuka kwa pembeni. Kila tukio liweke mahali pake. Ukiambiwa "Barnstormers ni mabingwa", uliza ni safu ipi. Timu ya leseni ya kwanza ilifika ArenaBowl, yaani fainali ya ligi, mara mbili mfululizo na kupoteza zote: 1996 nyumbani Des Moines, 42–38, mbele ya Tampa Bay Storm, na 1997 kule Phoenix, 55–33, mbele ya Arizona Rattlers. Kombe walilotwaa 2018 kwa kuifunga Sioux Falls Storm 42–40 ni la ligi nyingine kabisa, miaka 18 baada ya leseni ile kuondoka mjini.

Sheria za mchezo zisome kabla ya kugusa takwimu. Mchezo huu ulibuniwa na Jim Foster. Mwaka 1981 alikuwa Madison Square Garden akitazama soka ya ukumbini, akachora wazo lake juu ya bahasha. Ligi yake, ile Arena Football League, ilianza 1987, na baadaye ni yeye huyo huyo aliyeianzisha Barnstormers. Uwanja una yadi 50 kutoka mstari wa lango hadi mstari wa lango, nusu ya ule wa nje. Kila upande una wachezaji wanane, kuta za kando zimefunikwa magodoro, na pembeni mwa milingoti kuna nyavu zinazorudisha mpira uwanjani ukikosa lango. Foster alizisajili nyavu hizo kama uvumbuzi wake, ndiyo maana ligi nyingine za ukumbini zilicheza bila nyavu. Ukishayajua haya, alama 55 katika mechi moja hazikushtui tena, na hutathubutu kulinganisha takwimu za ukumbini na za NFL, ligi kuu ya uwanja wa nje, kana kwamba ni mchezo mmoja.

Sasa Kurt Warner. Utakutana naye kila unakogeuka, na hapa ndipo naomba unisikilize sana. Alitoka Chuo Kikuu cha Northern Iowa, mwaka 1994 hakuna timu ya NFL iliyomchagua, Green Bay Packers wakamtema kambini, akaenda kupanga bidhaa kwenye rafu za duka la Hy-Vee kule Cedar Falls kwa dola 5.50 kwa saa. Akachezea Barnstormers 1995 hadi 1997 kama kwotabeki, yule anayerusha mpira. Tarehe 30 Januari 2000 akaiongoza St. Louis Rams kutwaa Super Bowl, fainali ya NFL, na kuchaguliwa mchezaji bora wa mechi. Ni habari nzuri na ya kweli. Lakini waandishi wengi wanaruka kutoka rafuni hadi kwenye kombe na kuiacha ile misimu mitatu ya Barnstormers, wakati historia ya timu yako iko hapo hapo. Uwanja mfupi namna ile humlazimisha kwotabeki kuamua kabla hajafikiwa, wiki baada ya wiki. Andika hilo. Kisha waandike waliokuwa wakiipokea mipira yake, maana mpira haujidaki.

Na jengo usilisahau. Timu ya kwanza ilicheza Veterans Memorial Auditorium, ukumbi wa mwaka 1955 ambao wenyeji waliuita ghala la shambani, kwa Kiingereza "barn". Jina la timu linachezea neno hilo hilo: zamani "barnstormers" lilikuwa jina la marubani waliozunguka vijijini wakifanya maonyesho ya kuruka, na helmeti za wachezaji zilichorwa miwani ya rubani. Ukimpata mtu aliyekaa ukumbini siku hizo, usimuulize alijisikiaje. Muulize alikaa wapi, alikwenda na nani, tiketi alilipa ngapi. Hisia zitakuja zenyewe.

Safu ya jina itakuwa na nafasi tupu kuanzia 2002 hadi 2007. Usiijaze kwa maneno. Andika kwamba Barnstormers hawakucheza, kisha tazama safu ya pili: Dragons walikuwa uwanjani kule Long Island. Mwaka 2008 jina likarudi Des Moines, katika Wells Fargo Arena, na mwaka huo huo leseni ya zamani ikacheza msimu wake wa mwisho, kwa sababu msimu wa 2009 ligi iliufuta.