Mhubiri alisema mjomba anaungua, bibi akadondoka pale kaburini

Mkuu umeuliza kama Mungu wa upendo anaweza kumchoma mtu milele, na kama kuna aliyewahi kubadili msimamo. Mimi nilibadili, ngoja nikueleze.

Nimekulia Upare, mama aliolewa kwa Walutheri ila kwao ni Wasabato wa siku nyingi (kule walifika 1903). Nikiwa darasa la sita mjomba akafariki, mtu wa pombe kweli lakini hakuna jirani aliyelala njaa yeye akiwa nacho. Mazishi yaliendeshwa na kanisa la mkewe, mhubiri akasimama akasema wazi saa hizi huyu anaungua na hatoki. Bibi alikuwa ameziba mdomo na kanga, magoti yakamwisha nguvu tukamdaka. Mimi ikawa taa ikizimwa silali, namuona mjomba anaomba tone la maji kama yule tajiri wa Luka 16.

Babu ndo akanikalisha barazani, na marehemu alikuwa mtoto wake wa kumzaa. Akanisomesha Mhubiri 9:5, wafu hawajui neno lo lote, akasema mjomba wako amelala. Halafu Mathayo 10:28, akaweka kidole kwenye neno "kuangamiza". Akaniambia jina Jehanamu limetoka bonde la Hinomu pale Yerusalemu, watu walikuwa wanachoma watoto wao humo, na kwenye Yeremia 7:31 Mungu anasema hakuagiza wala halikuingia moyoni mwake. "Sasa huyo ndo achome watu bila kukoma?"

Nisikufiche, Mathayo 25:46 ilinisumbua miaka. Mchungaji wetu wa Kilutheri alinionyesha adhabu ya milele na uzima wa milele neno ni lilelile, ukilipunguza huku umepunguza na kule, na hiyo hoja ni nzito jamani. Wasabato wanajibu kinachodumu ni matokeo, maana Yuda 7 inasema Sodoma ilipata moto wa milele na leo hauwaki. Mimi nimeegemea huko, hukumu ipo na moto upo, ila unamaliza.

Ila hata wewe unayeamini mateso hayana mwisho, usimtaje marehemu. Wakatoliki wanafundisha jehanamu ni ya milele na wanatangaza watakatifu kwa majina, lakini hawajawahi kutangaza fulani yuko motoni. Bibi aliishi miaka minne baada ya pale, na kila nikienda likizo alikuwa ananiambia nimsomee tena ule mstari wa Mhubiri 9:5.