Andaa njia ya ultra kwa ajili ya mkimbiaji wa mwisho

Mbio za Western States 100 huko California ni za ultra, yaani ndefu kuliko marathoni; zina urefu wa kilomita 161 na huanza saa 11 alfajiri. Mwaka 2019 Jim Walmsley alizimaliza kwa saa 14 na dakika 9, na alifika jua likiwa bado halijazama. Mwaka 2015 Gunhild Swanson, mama wa miaka 70, alitumia saa 29, dakika 59 na sekunde 54. Zilibaki sekunde 6 tu mlango ufungwe, maana kikomo ni saa 30. Njia ya mbio ni moja, lakini Swanson alikesha porini usiku kucha akiitafuta kwa mwanga wa tochi.

Kila ninapopewa kazi ya kuandaa njia, ninamfikiria mtu wa namna yake. Sisi tunaofanya kazi hii wengi wetu ni wakimbiaji. Tunaikagua njia mchana, miguu ikiwa haijachoka, akili imetulia, na chupa ya maji imejaa. Mtu tunayemwandalia atapita usingizi umemzidi, hajala kitu kikatulia tumboni kwa saa kadhaa, na macho yake hayaoni zaidi ya hatua chache mbele. Njia ikimfaa huyo, anayeongoza ataipita bila shida yoyote. Ukiiandaa kwa ajili ya anayeongoza tu, wa mwisho utamtafuta na mbwa.

Habari ya vibali nitaigusa tu. Usifyeke hata jani moja kabla mwenye ardhi au mamlaka ya hifadhi hajakupa ruhusa kwa maandishi, na maandishi hayo yataje vifaa mtakavyotumia. Yapo maeneo ambako misumeno ya injini hairuhusiwi kabisa, na kazi yote ni ya mikono. Ukilijua hilo mapema utajua unahitaji watu wangapi.

Kisha itembee njia yote kwa miguu. Ipite kwenda, uipite kurudi, na sehemu zitakazopitwa gizani uzipite gizani. Mtu anayekuja upande mmoja haoni njia panda ambayo anayekuja upande wa pili anaiona waziwazi. Angalia pia kilomita chache za mwanzo: ziwe pana. Mkiwaingiza watu mia kadhaa kwenye ujia wa mtu mmoja mara tu baada ya kuanza, watakanyagana, na wenye haraka watapita pembeni wakiua mimea. Wape nafasi ya kutawanyika kwanza.

Kwenye kufyeka, kipimo changu ni upana wa mita 1.2 hivi na kimo cha mita 2.4, ili mtu mwenye fimbo za kutembelea apite bila kunaswa. Zaidi ya hapo unaharibu pori bila sababu. Ninachokisimamia kwa ukali ni namna ya kukata. Panga lina haraka, lakini hukata kwa mshazari na kuacha kisiki kilichochongoka kama mkuki, tena mara nyingi kwenye kimo cha muundi wa mguu. Mtu akianguka usiku huangukia mikono, magoti au kifua. Kwa hiyo panga litumike kwa nyasi na mimea laini. Vijiti vyote vigumu vikatwe kwa msumeno, usawa wa ardhi kabisa. Matawi ya mti yakatwe karibu na shina bila kulijeruhi gome, kusibaki kigingi cha kumtoboa mtu jicho. Mabaki msiyarundike kando ya njia. Yatawanyeni mbali, upande wa bondeni, ncha zilizokatwa zikiangalia nje.

Wageni wa kazi hii hutaka kung'oa kila mzizi na kila jiwe. Wazuie. Mizizi imeshika udongo, na aliyejiandikisha kukimbia porini hakuja kutafuta barabara ya lami. Swali la kujiuliza ni kama kizuizi kinaonekana na kama kinatulia. Mzizi mnene unaoonekana, uache. Jiwe lililokaa imara, liache, hata likiwa kubwa. Lakini jiwe linalocheza unapolikanyaga, tundu lililofunikwa na majani, kipande cha waya wa uzio wa zamani kilichozama kwenye nyasi: hivyo viondolewe vyote, hata kama vitakuchelewesha siku nzima.

Sasa maji, ambayo ni adui wa njia kuliko miguu ya wakimbiaji. Maji yakishapata njia ya kushukia hayaiachi. Huichimba msimu baada ya msimu mpaka ujia unakuwa korongo. Dawa yake ni kuyatoa mapema kabla hayajapata kasi. Njia inayokatiza ubavu wa mlima iinamishwe kidogo upande wa bonde: kwa kila mita moja ya upana, ukingo wa nje uwe chini kwa sentimita 5 hivi. Huwezi kuuona mwinamo huo ukiwa unakimbia, ila maji yanauona. Penye mteremko mrefu, chimba vibonde vipana vya mshazari, kila kimoja kikifuatiwa na kituta cha chini, ili maji yageukie nje. Navipenda vibonde hivyo kuliko magogo yaliyolazwa kukatiza njia, kwa sababu gogo likilowa huteleza vibaya, na udongo ukijaa nyuma yake linaacha kufanya kazi.

Kama mna uhuru wa kuchagua mahali pa kupitisha njia mpya, ipo kanuni ya wajenzi wa njia ambayo sijawahi kuiona ikimwangusha mtu: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wenyewe. Ubavu wenye mwinuko wa asilimia 30, njia isizidi asilimia 15. Ukizidisha, maji hayatakatiza njia bali yataifuata. Na siku mvua kubwa inaponyesha, vaa koti uende ukatazame. Nusu saa ya kusimama kwenye mvua itakufundisha njia hiyo kuliko wiki nzima ya jua.

Penye tope, weka mawe ya kukanyagia katikati ya njia. Usipofanya hivyo kila mkimbiaji atapita pembeni kidogo kuliko mwenzake, na mkirudi baada ya mbio mtakuta uwanja.

Alama ndiyo sehemu ya kazi ambayo watu huidharau, wakaifanya kwa haraka siku ya mwisho. Mimi naipa muda kuliko kufyeka. Utepe wa kijani au kahawia hauna maana porini. Wengi hukimbilia nyekundu, lakini wako wanaume wengi wasioweza kuitofautisha nyekundu na kijani. Kwa hiyo chagua rangi inayong'aa, na kila utepe wa sehemu za usiku uwe na kipande kinachoakisi mwanga. Uning'inize kwenye kimo cha kifua cha mtu au chini kidogo, pale mwanga wa tochi ya kichwani unapoangukia. Mtu aliyechoka hatazami juu kwenye matawi.

Kwenye njia panda weka alama kabla ya kona, upande ule anaotakiwa kugeukia. Weka nyingine kwenye kona yenyewe. Kisha weka nyingine mita 20 au 30 mbele, ya kumwambia kwamba yuko sawa. Hiyo ya tatu ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo inayomzuia mtu kurudi nyuma akihangaika. Njia isiyo sahihi nayo ifungwe waziwazi kwa utepe uliokatiza au matawi yaliyolazwa. Hata penye ujia mmoja tu usio na pa kupotelea, funga utepe kila baada ya mita 100 au 150, maana saa 9 usiku mtu akipita muda mrefu bila kuona alama huanza kuamini kwamba amepotea, na hofu hiyo humpotosha kweli. Mahali pa wazi penye ukungu, zisogeze karibu zaidi.

Misumari kwenye miti hapana. Rangi ya kupuliza kwenye mawe hapana. Andika idadi ya tepe zilizofungwa kila kipande, ili wanaoziondoa wajue kama wamezimaliza. Alama kadhaa zipe namba, na namba hizo ziwe kwenye ramani ya watu wa uokoaji. Mtu aliyevunjika mguu akisema yuko karibu na namba 47, mmeshaokoa saa nzima ya kumtafuta. Mkishamaliza, mtafuteni mtu asiyeijua njia kabisa, mpeni tochi, mwambieni aifuate usiku peke yake huku mwenzake akimfuata kwa mbali. Kila anaposita, pana alama inayokosekana. Asubuhi ya mbio watangulieni wakimbiaji mkiwa na tepe za akiba, kwa sababu ng'ombe huzitafuna na wapita njia huzing'oa.

Faili la GPX, yaani ramani ya njia inayosomwa na simu au saa ya mkononi, wapeni wakimbiaji wote, ila lisiwe tegemeo. Betri huisha, na chini ya miti minene au ndani ya korongo mstari wa GPS huyumba.

Tarehe 22 Mei 2021, kwenye mbio za kilomita 100 katika mkoa wa Gansu nchini China, mvua, barafu na upepo mkali viliwakuta wakimbiaji juu mlimani. Kati ya watu 172 walioanza, 21 walikufa. Palipoumiza zaidi ni kipande cha mlima kati ya kituo cha pili na cha tatu, ambako gari halifiki. Mchungaji mmoja aliyekuwa amejikinga pangoni aliwaokoa wakimbiaji sita kwa kuwaingiza humo na kuwawashia moto. Tangu nisome habari hiyo, kila kipande cha njia nakiuliza maswali yaleyale. Mtu akishindwa hapa katikati, anatokea wapi? Nani anamfikia, na kwa muda gani? Je, redio za mawasiliano zinasikika kutoka hapa, au mlima umeziba? Zijaribuni mkiwa mmesimama palepale. Machela porini inahitaji watu 6 wa kubeba kwa wakati mmoja, na wengine wa kuwapokea, kwa hiyo watu wawili kwenye kituo hawatoshi kumtoa mtu. Njia za kutokea nazo zifyekwe na kuwekwa alama zake, za rangi tofauti.

Vituo vya huduma navyo vipangwe kwa saa. Kilomita 12 za tambarare na kilomita 12 za kupanda mlima ni safari mbili tofauti kabisa. Kwa mkimbiaji wa mwisho, hizo za mlimani zinaweza kumla saa nne. Penye mto, simika nguzo yenye alama ya kimo cha maji, mkubaliane kabla kwamba maji yakifika hapo njia inahamia upande mwingine. Njia hiyo ya akiba iwe imepimwa na kufyekwa tayari. Uamuzi wa namna hiyo haufai kufanywa usiku kwenye ukingo wa mto.

Watu wa kazi wapateni mapema. Western States huwataka wakimbiaji wake wafanye saa 8 za kazi ya kujitolea kabla ya mbio, na ningependa kila mbio ziige, kwa kuwa mtu aliyeshika jembe kwenye njia hakati kona wala hatupi karatasi. Kabla ya kuingia msituni, kila mmoja asafishe viatu na vifaa vyake. Mbegu za magugu husafiri kwenye tope.

Baada ya mbio, wasindikizaji wanaotembea nyuma ya mkimbiaji wa mwisho waondoe alama wakati huohuo, na siku inayofuata wengine wapite kuhakiki idadi. Fungeni kwa matawi mikato yote iliyozaliwa siku ya mbio kabla haijawa njia za kudumu. Mkisubiri mwezi mmoja wanyama na watu watakuwa wameshaizoea. Ikinyesha mvua kubwa ya kwanza, rudini na majembe mkazibue vile vibonde, kisha mpelekeeni mwenye ardhi picha za kila mahali mlipopagusa.