Maswali ya wenye magari ya dizeli: moshi wa asubuhi, maji kwenye chujio na oili inayopanda

Maswali ya safari hii yanafanana kwa jambo moja: gari lina tatizo, na fundi ameshataja kifaa cha gharama kubwa kabla hajafungua hata boneti. Majibu yangu yanaanza na vile vya kupima kwa mkono. Vya kununua vitafuata, kama vitahitajika.

Fundi, shikamoo. Kila asubuhi starta inazunguka muda mrefu ndipo gari liwake, kisha linatoa moshi mweupe na kutetemeka kama nusu dakika. Mchana linawaka mara moja. Nimeambiwa nozeli zote nne zimekufa. Ni kweli?

Marahaba. Sidhani, na sababu umeitaja mwenyewe: mchana linawaka mara moja.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inafikia joto la zaidi ya nyuzi 500, dizeli ikipulizwa humo na nozeli inawaka yenyewe. Asubuhi chuma kimepoa na kinanyonya sehemu ya joto hilo, kwa hiyo kila silinda imewekewa plagi ndogo ya kupasha moto, ile ambayo mafundi huiita hita plagi. Moja au mbili zikikatika, silinda zake huchelewa kuwaka, na dizeli inayoingia humo hutoka mbichi kupitia bomba la moshi. Huo ndio moshi wako mweupe. Unukie, utasikia harufu ya dizeli. Baada ya nusu dakika silinda zimejipasha zenyewe na moshi unakwisha. Nozeli iliyochakaa mara nyingi husumbua hata injini ikiwa ya moto, wakati mwingine zaidi ya ikiwa baridi.

Kupima hita plagi ni kazi ya dakika kumi ukiwa na mita ya umeme. Toa ule ukanda wa chuma unaoziunganisha kwa juu. Usipoutoa, mbovu itasomeka kama nzima na utadanganyika. Kisha pima kila moja kati ya ncha yake na bodi ya injini. Nzima husoma omu moja hivi au pungufu, iliyokatika haisomi kitu. Zote zikiwa nzima, angalia kama umeme unazifikia, maana relei yake, ile swichi inayozipelekea umeme, nayo hufa. Halafu pima betri: iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 hivi, na ikishuka chini ya 10 starta inapozunguka, ndiyo mchawi wako. Dizeli ni ngumu kuzungushwa, na starta inayozunguka pole pole haibani hewa ya kutosha.

Angalizo kwa wanaopenda kujifungulia wenyewe: hita plagi za zamani hung'ang'ania kwenye silinda hedi na hukatika kama njiti. Niliwahi kukata moja kwa haraka zangu, na siku mbili zilizofuata nilizitumia kuichimbua. Zilowanishe mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, pasha injini moto, na spana ikigoma usiilazimishe.

Ukifika kwenye nozeli baada ya hayo yote, dai kipimo cha marejesho. Kila nozeli inafungiwa kichupa kwenye bomba lake la kurudisha dizeli, injini inawashwa, na ile inayojaza kichupa mbio kuliko wenzake ndiyo inayovuja ndani. Unabadilisha hiyo. Nozeli nyingi za kisasa pia zina namba iliyochongwa juu yake ambayo lazima iingizwe kwenye kompyuta ya gari. Fundi asiyejua habari ya namba hiyo atakufungia kitu kipya na gari litaendelea kugonga.

Moshi mweupe usioisha, wenye harufu tamutamu, huku kulanti (maji ya kupoza injini) inapungua, hilo ni swali jingine kabisa. Hapo gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bodi ya injini, inashukiwa, na usiendelee kuliendesha.

Mwanangu ameweka petroli lita kumi kwenye gari la dizeli. Ameligundua kosa akiwa bado kituoni. Nifanyeje?

Msiwashe. Hata swichi msiifungue, kwa sababu magari mengi yana pampu ndani ya tangi inayoanza kusukuma swichi ikifunguliwa tu. Lisukumeni pembeni, tangi limwagwe lote, tia dizeli safi, basi.

Likiwashwa mambo hubadilika. Dizeli ni mafuta ya kuchoma, lakini pia ndiyo inayolainisha pampu ya presha kubwa. Petroli haina ulaini huo. Vyuma vya pampu vinasagana, chembe zake zinasafiri hadi kwenye nozeli, na mwisho unabadilisha mfumo mzima. Wazee watakwambia zamani tulichanganya na hakikuharibika kitu. Pampu za zamani zilivumilia zaidi, za sasa hazina uvumilivu huo.

Namwaga oili leo, kesho naichomoa stiki ya kupimia nakuta imekuwa nyeusi kama lami. Nauziwa oili feki?

Si lazima. Dizeli hutoa masizi, na kazi mojawapo ya oili ni kuyabeba yasigande kwenye vyuma. Kuna oili chafu kidogo inayobaki ndani kila unapomwaga, na hiyo inatosha kuitia weusi mpya. Rangi isikunyime usingizi.

Kinachotakiwa kukunyima usingizi ni kiwango kinachopanda. Stiki ikionyesha oili imeongezeka bila mtu kuongeza, kuna dizeli au maji yameingia humo. Soma jibu linalofuata.

Taa ya chujio la masizi imewaka. Mtu wa gereji anasema tulikate, tutoe matumbo yake, halafu arekebishe kompyuta. Wengi wanafanya hivyo.

Wengi wanafanya, ndiyo. Mimi silishauri, na katika nchi nyingi sheria inalikataza. Tuelewane kwanza kifaa hiki, ambacho mafundi hukiita DPF, kinafanya nini.

Ni mzinga wa kauri wenye vijitundu kama wa nyuki, umewekwa kwenye njia ya moshi ili unase masizi. Ukikaribia kujaa, kompyuta inaamuru nozeli zipulize dizeli ya ziada kwa kuchelewa, moshi unapanda joto hadi nyuzi 600 hivi, na masizi yanaungua. Dalili zake utaziona ukiwa makini: feni inazunguka hata baada ya kuzima, gari linanguruma juu kidogo likiwa limesimama, kuna harufu ya chuma cha moto. Kazi hiyo inahitaji dakika 15 hadi 20 za mwendo. Mwenye gari anayeenda kilomita tatu kazini na tatu kurudi huizima katikati kila siku, na chujio linajaa.

Dizeli ile ya ziada nayo isipoungua huteremka kwenye kuta za silinda hadi kwenye oili. Hapo ndipo stiki inapoanza kupanda. Ikipita alama ya juu, mwaga oili yote. Iliyochanganyika na dizeli hailainishi ipasavyo, na ikizidi sana injini inaweza kuinyonya na kuanza kuichoma. Injini inayokula oili yake hupaa mizunguko hata ukizima swichi. Gari la gia za mkono likifanya hivyo, shika breki, weka gia ya juu, achia klachi ili injini ife. La otomatiki, namna iliyopo ni kuziba njia yake ya kuvuta hewa, na kama huna kitu kigumu cha kuzibia, kaa mbali nalo. Kamwe usizibe kwa kiganja.

Sasa taa yako. Ikiwa imetulia bila kumeta, na hakuna taa nyingine, hakikisha tangi lina zaidi ya robo, maana magari mengi hukataa kujisafisha dizeli ikiwa kidogo. Toka kwenye barabara ndefu uende zaidi ya kilomita 60 kwa saa, gia ya chini kidogo ili mizunguko ivuke 2,000 kwa dakika, dakika 20 bila kusimama. Mara nyingi taa inazimika. Ikiwa inameta, au ya injini imewaka pamoja nayo, usilazimishe. Peleka likapimwe kwa mashine.

Chujio linalojaa kila mara lina aliyelijaza. Muulize fundi wako habari za nozeli inayovuja, vali ya kurudisha moshi iliyoganda kwa masizi, thamostati (vali inayodhibiti joto la injini) iliyokwama wazi, hata kibomba cha mpira cha sensa ya presha kilichopasuka. Ukilikata, tatizo lenyewe bado limo, ila sasa halina taa ya kukuambia. Na tumia oili yenye majivu machache, ile ambayo kitabu cha gari kimeitaja. Masizi huungua, majivu ya oili hayaungui, yanabaki humo milele.

Taa ya maji kwenye dizeli imewaka. Naweza kumaliza safari?

Simama kwanza. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hutuama chini ya chujio, na machujio mengi yana kizibo kidogo cha kufungulia hapo chini. Zima injini, weka chupa ya kioo, fungua mpaka dizeli tupu itoke, funga. Nasema kioo ili uone: maji yatajitenga chini, na ukikuta utando kama kamasi jeusi kati ya maji na dizeli, hiyo ni fangasi. Viumbe hao huishi hasa mpakani hapo. Fangasi haiondoki kwa kubadilisha chujio peke yake, tangi lazima lisafishwe.

Kwa nini haraka yote hii? Vyuma vya ndani ya nozeli vimeachana kwa mikroni (elfu moja ya milimita) chache tu, wakati unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Tone la maji humo ni kutu. Ukishamwaga na taa ikizimika, endelea. Ikirudi siku hiyohiyo, tatizo liko tangini.

Nimebadilisha chujio la dizeli mwenyewe, sasa gari halitaki kuwaka kabisa. Jirani anasema nilegeze nati za nozeli nitoe upepo.

Mshukuru jirani, lakini usimsikilize. Ushauri wake ulikuwa sahihi kwa pampu za zamani. Katika injini za reli ya pamoja, zile za kisasa ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja la presha, presha kwenye mabomba yale huweza kuvuka bar 1,600, na tairi lako lina bar mbili na kitu. Dizeli ikichuruzika kwa nguvu hiyo hupenya ngozi kama sindano. Jeraha linaonekana kama la mwiba, haliumi sana mwanzoni, na mtu anaweza kupoteza kidole au mkono. Aliyepatwa aende hospitali saa hiyohiyo.

Tafuta pampu ya mkono, aghalabu iko juu ya chujio au kwenye bomba lake. Ibonye mpaka iwe ngumu. Kama haipo, fungua na kufunga swichi mara tano au sita bila kupiga starta, ili pampu ya tangini ijaze chujio. Kisha piga starta sekunde kumi, pumzisha dakika moja, rudia. Likigoma bado, angalia mpira wa kuzibia wa chujio. Mara nyingi hubaki umejikunja, au mpya umefungwa juu ya wa zamani. Na zile dawa za kupuliza kwenye hewa ili liwake, weka mbali: zikikutana na hita plagi yenye moto zinalipuka.

Gari halivuti mlimani na linatoa moshi mweusi. Turbo imekufa?

Labda, maana turbo ndiyo inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini, lakini moshi mweusi maana yake ni dizeli nyingi kwa hewa kidogo, na hewa hupotea njiani kwa sababu ndogo zaidi. Angalia chujio la hewa. Halafu kagua mipira inayotoka kwenye turbo: palipolowa oili na vumbi ndipo palipopasuka. Mwenzako akikanyaga mafuta, sikiliza mlio kama wa filimbi. Turbo iliyochoka kweli kwa kawaida hutoa na moshi wa bluu, kwa kuwa oili inapita.

Injini ilichemsha mara moja, fundi akatoa thamostati. Sasa haichemshi. Niache hivyo?

Rudisha. Dizeli inapenda kufanya kazi kati ya nyuzi 80 na 90. Bila thamostati inakaa baridi, inakula mafuta, inatoa masizi, na chujio la DPF halijisafishi. Aliyeitoa hakukuonyesha kwa nini ilichemsha.

Nataka kununua gari la dizeli lililotumika. Niangalie nini?

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Injini baridi haifichi kitu: utaona inawaka kwa sekunde ngapi na moshi wa rangi gani. Chomoa stiki, tazama kiwango kuliko rangi. Likishawaka, fungua kifuniko cha kujazia oili: mvuke kidogo ni kawaida, lakini mvuke ukitoka kwa nguvu na kukirusha kifuniko, ringi za pistoni zimechoka. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, na uonyeshwe risiti. Ukikatika, kwa kawaida pistoni zinagonga vali. Na kabla ya yote hayo, unapofika tu, weka kiganja juu ya boneti. Ukikuta ni ya moto, sema asante, utarudi kesho alfajiri.