Gari ya zamani imegoma kuwaka? Isikilize kwanza, spea utanunua baadae

Kuna sentensi moja inakula hela za wenye magari ya zamani kuliko hata mafuta, nayo ni ile ya "bosi tubadilishe kwanza hii tuone". Gari imegoma asubuhi, wewe una haraka ya kazini, fundi kafika anafungua boneti anasema plagi, unanunua plagi haiwaki, anasema betri, unanunua betri inawaka siku mbili inagoma tena, sasa ni stata, baada ya stata ni pampu, na mwisho unakuta umemwaga hela nyingi kwenye gari ambayo shida yake ilikua waya wa ethi, ule unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi na enjini, ulioliwa na kutu. Mimi natembelea Corolla 100, ile bodi iliyoanza kutoka Japani 1991, enjini 5A-FE, gia ya mkono, na nimekaa nayo mda mrefu hapa Dar kiasi kwamba ikikohoa tu najua inataka nini. Na inaniuma sana nikiona mtu mwenye gari kama yangu anaiuza kwa bei ya kutupa eti "inasumbua kuwaka", wakati hizi gari zilitengenezwa ili mtu mwenye maltimita (kipima umeme) ya bei rahisi na akili timamu aweze kuzisoma.

Kitu cha kwanza kabisa, neno "haiwaki" lenyewe halitoshi, usimpigie fundi simu ukamwambia haiwaki. Kuna gari ambayo ukipiga stata enjini haizunguki, na kuna gari ambayo enjini inazunguka vizuri tu ila haishiki. Hayo ni matatizo mawili ambayo hayana undugu. Plagi mbovu haiwezi kuzuia stata isizungushe, na betri nzima inayozungusha enjini kwa nguvu sio ya kubadilisha hata kama fundi anaidai. Ukishajua uko upande gani tayari nusu ya spea unazotajiwa umeziondoa kwenye hesabu.

Tuanze na ile isiyozunguka. Washa taa kubwa za mbele, alafu mtu mmoja apige stata wewe unaangalia taa. Taa zikififia mpaka zikakaribia kuzima na stata inalia taka-taka-taka haraka haraka, umeme haufiki wa kutosha, ni betri au viunganishi vyake. Taa zikibaki zinang'aa na ukasikia "tak" moja tu nzito basi umeme upo, mara nyingi shida iko kwenye stata yenyewe. Taa zinang'aa na kimya kabisa hata hiyo tak hakuna, hapo waya mdogo unaoiamrisha stata haupati umeme, angalia swichi ya ufunguo, angalia rilei (ile swichi ndogo inayoendeshwa na umeme), kama ni gari ya otomatiki jaribu kuiweka N badala ya P kwasababu ile swichi ya gia hua inachoka, na angalia alam.

Hapo kwenye alam naomba niseme kidogo maana imetesa watu wengi. Gari nyingi za Bongo zimefungwa alam au kifaa cha kuzuia wizi baada ya kufika nchini, na anaefunga anakata waya wa stata au wa swichi kule chini ya usukani anapitisha kwenye rilei yake, anasokota nyaya kwa mkono anafunga na solatepu. Joto la huku solatepu inayeyuka, gundi inatoka, miaka inapita ile sehemu iliyosokotwa inashika kutu, alafu siku moja gari inazima barabarani au inakataa kabisa kupiga stata na kila kitu kingine kizima. Fundi akianza kufungua distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi, kabla hajachungulia chini ya usukani muulize kwanza kama ameangalia nyaya za alam. Kama hiyo alam hata huitumii, mwambie aitoe yote na arudishe waya wa kiwandani kwa kuuchomea na risasi vizuri, hautajuta.

Turudi kwenye betri. Betri nzima iliyojaa ikikaa usiku bila kuguswa inasoma volti 12.6 hivi, 12.2 ni nusu, ikiwa chini ya 12 haina kitu. Lakini kipimo chenye maana ni kile cha wakati stata inazungusha, ikishuka chini ya volti 9.6 wakati ulishaichaji ikajaa, hiyo betri imekufa usiihangaikie. Isiposhuka hivyo na bado stata inazunguka kivivu, acha betri, pima nyaya. Hiki kipimo mafundi wengi wa mtaani hawakifanyi na ndo kingeokoa watu wengi. Chomoa fyuzi ya EFI (ya mfumo wa petroli) ili gari isiwake, weka waya mmoja wa maltimita kwenye nguzo ya hasi ya betri, mwingine kwenye chuma tupu cha enjini, mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, basi umeme wako unapotelea kwenye waya wa ethi. Fanya hivyo hivyo upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri mpaka boliti kubwa ya stata. Hapo hujanunua kitu chochote na unajua waya gani ni mbovu.

Kwa sisi tunaokaa karibu na bahari, Kigamboni, Mbezi Beach, na hata ndugu zetu wa Tanga na Mombasa, chumvi ya hewani inamaliza ethi kimya kimya. Waya kwa nje unaonekana mzima, ukiuchana ndani unakuta shaba imekua unga wa kijani. Fungua na spana namba 10, mwaga maji ya moto kwenye vichwa vya betri kuondoa ule unga mweupe, piga msasa nguzo na klempu mpaka zing'ae, kaza, paka grisi kwa juu. Ukitoa anza na hasi, ukirudisha hasi iwe ya mwisho, ili spana isigonge bodi ikakupiga shoti. Na gari ikishawaka pima tena betri, inatakiwa isome kama volti 13.5 mpaka 14.5. Ikibaki kwenye 12, altaneta haichaji, na hata ukinunua betri mpya kila mwezi itakua inakufa tu.

Ile ya "tak" moja nayo usikubali haraka kuambiwa nunua stata nzima. Kwenye stata nyingi za Toyota kinachoisha ni vile vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi, ile swichi nene iliyopandishwa juu ya stata, vinaliwa mpaka havigusani vizuri, dalili yake ni kwamba unapiga mara kadhaa inagonga tak, tak, alafu ghafla inazungusha kwa nguvu kabisa. Vipande hivyo vinauzwa peke yake, na fundi wa stata pale mtaa wa Gerezani hapa Dar anakubadilishia huku unasubiri. Akiwa ameifungua mwambie akuonyeshe na kaboni zinazopitisha umeme ndani ya stata, zikiwa fupi zibadilishwe hapo hapo. Stata iliyotumika unayonunua imefungwa kwenye boksi ina umri ule ule wa ya kwako, kwahiyo bora ya kwako iliyotengenezwa.

Sasa ile inayozunguka ila haishiki, hapa ndo pana utamu. Enjini inataka moto, mafuta na hewa, na vyote vije kwa wakati wake. Kabla hujafungua kitu sikiliza tu mlio wa stata. Ikizungusha kwa mlio laini wa haraka usio na mapigo, yaani kama haina mzigo, wasiwasi wangu wa kwanza ni mkanda wa taiming. Kwenye hizi enjini za A distributa inaendeshwa na kamshafti, ule mhimili wa valvu unaozungushwa na mkanda, kwahiyo fungua kofia ya distributa, mtu apige stata, angalia rota, kile kipande kinachozunguka ndani. Rota isipozunguka mkanda umekatika, umemaliza uchunguzi kwa bisibisi moja tu. Na habari njema ni kwamba 5A-FE ya kawaida mkanda ukikatika valvu hazigongani na pistoni, unafunga mpya unaendelea na safari. Usichukulie hivyo kwa kila enjini lakini, zipo ambazo mkanda ukikatika ndo umeingia gharama ya silinda hedi.

Rota ikizunguka, pima moto. Kua na plagi moja nzima ya akiba, chomoa waya wa plagi kwa kushika mpira wake sio kuvuta waya, chomeka kwenye plagi ya akiba, ilaze plagi chuma chake kiguse enjini, usiishike kwa mkono, na hakikisha hakuna petroli iliyomwagika karibu. Mtu apige stata. Moto mzuri ni wa bluu na unausikia ukipasuka tas tas. Moto mwekundu mwembamba ni moto mgonjwa, baridi ya asubuhi au unyevu kidogo tu unauzima.

Moto dhaifu kwenye gari za distributa mara nyingi chanzo ni vitu vya bei ndogo. Geuza kofia uangalie ndani kwa tochi, utaona vichwa vya alumini vimefunikwa na unga mweupe, au mstari mweusi mwembamba kama ufa kutoka kichwa kimoja kwenda kingine, hapo moto unapita njia ya mkato hauendi kwenye plagi. Ukikuta oili ndani ya kofia basi sili ya distributa imekwisha, kubadilisha kofia peke yake hakusaidii. Nyaya za plagi zipime na maltimita, kila mmoja usizidi kilo-omu 25. Alafu usiku pakiwa na giza washa gari fungua boneti, ukiona vicheche vya bluu vinarukaruka kwenye nyaya umepata jibu. Na jamani hili la kuosha enjini kwa presha pale kwenye kaaoshi, ndugu zangu, gari ikishaoshwa hivyo ikagoma kuwaka usiite mtu, fungua kofia, futa maji kwa kitambaa kikavu, iache wazi juani kidogo, funga, mara nyingi itawaka.

Kama ulichomoa nyaya zote kwa pamoja ukachanganyikiwa, mpangilio wa moto wa 5A ni 1-3-4-2, na silinda namba moja ni ile ya upande wa mkanda.

Hakuna moto kabisa? Usikimbilie koili. Chini ya boneti kuna kijiboksi kimeandikwa DIAGNOSIS, fungua mfuniko, unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, hakikisha umesoma herufi vizuri maana ukiunganisha +B na E1 unaunguza fyuzi, alafu weka ufunguo ON bila kupiga stata. Taa ya cheki enjini itaanza kukonyeza. Ikikonyeza mfululizo haraka haraka hakuna kosa lililorekodiwa. Ikikonyeza mara moja, ikatulia, ikakonyeza mbili, hiyo ni 12, kompyuta haipati ishara ya mzunguko kutoka kwenye distributa. Moja na nne ni 14, ishara ya ignisheni, hapo ndo unaangalia ignita, kile kifaa kinachowasha na kuzima koili, na nyaya zake. Mbili na mbili ni sensa ya joto la maji, hii ikidanganya kwamba enjini ni baridi sana inamwagiwa petroli mpaka plagi zinalowa. Hii huduma imo kwenye gari yako bure tangu kiwandani na bado kuna watu wanalipa hela ya mashine ya kupima.

Moto upo mzuri lakini haishiki, chomoa plagi moja baada ya kupiga stata. Ikiwa kavu kabisa haina hata harufu, mafuta hayafiki. Hapa kuna kitu kinachanganya watu, wanakwambia weka ufunguo ON usikilize pampu inalia, ikiwa kimya imekufa. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo pampu hailii kwa ON, inasubiri mpaka stata izungushe. Rudi kwenye kile kijiboksi, unganisha +B na FP, ufunguo ON, fungua mfuniko wa tanki usikilize. Ikilia, pampu ni nzima, tafuta rilei yake na fyuzi ya EFI. Isipolia ndo unainua siti ya nyuma ukague kama umeme unafika pale kwenye kiunganishi cha nyaya za pampu. Na tuache tabia ya kutembea na taa ya mafuta inawaka kila siku, ile pampu inapoozwa na petroli iliyomo ndani ya tanki, ukiiacha juu ya tope la chini inapata joto na inavuta uchafu.

Dalili nyingine, gari inashika wakati unapiga stata, ukiachia tu ufunguo inazima. Hapo umeme unapatikana wakati wa stata ila haupo kwenye ON, angalia swichi ya ufunguo iliyochoka au rilei ya pampu, na kwa wenye gari za kabureta zenye kontakti (ile swichi ya kale ndani ya distributa) angalia ile rezista ya koili.

Iliyobaki ni ile inayozima ikishapata joto kwenye foleni, unasukumwa pembeni, nusu saa inawaka kama hakuna kilichotokea, ukifika kwa fundi nzima. Hii kuipima ikiwa imepoa ni kupoteza mda. Ignita, koili au ile koili ndogo ya ishara ndani ya distributa inakata ikichemka, na kwenye nyingi za hizi koili imo ndani ya distributa humo humo. Kwahiyo plagi ya akiba, spana namba 10, bisibisi na kipande cha waya vikae kwenye gari mda wote, na ikizima tu pima moto hapo hapo kabla haijapoa. Moto haupo wakati rota inazunguka, unganisha TE1 na E1 hapo hapo barabarani, hesabu taa inavyokonyeza, andika namba. Fundi ukimpelekea hiyo namba na hayo maelezo, pale kwenye kaunta ya spea mtaulizia kitu kimoja tu.