Ndege ama treni kwenda Mombasa?
Kwa huyo ameuliza apande nini kutoka Nairobi kwenda Mombasa na watoto wawili, mimi ningechukua treni. Ndege iko hewani saa moja hivi lakini ongeza jam ya Mombasa Road ukienda airport, ukaguzi, kungoja mabegi, nusu siku imeenda, na tiketi ni ghali zaidi. SGR, ile treni mpya, ya saa tisa mchana ni masaa kama matano, ekonomi ni shilingi 1,500 tangu 2024, shida ni vile viti vya kuangaliana, magoti yako na ya mtu humjui mpaka Miritini, stesheni ya Mombasa, aki. Fikeni Syokimau, stesheni ya Nairobi, mapema, mabegi yanapangwa chini mbwa wanuse kwanza, watoto wangu walipenda hiyo kuliko safari yenyewe 😂. Halafu kaeni dirishani mkifika Tsavo, ndovu ni wekundu kwa ule udongo.

Lakini ile treni ya zamani ya usiku iliyoisha 2017 ndiyo naimisi, unatoka town jioni, mhudumu anapita na kengele ya chakula, unatandikiwa kitanda, na ikichelewa mpaka saa sita mchana hakuna mtu ana haraka, chai bado inakuja.